Barua Isiyo na Baiskeli

Cape Town, 2 Machi 2025

Mama,

Habari za Ntinda? Mimi mzima, ila upepo wa huku unataka kuninyang'anya nywele.

Umeniambia mteja wako Nabangala alikuja kushonesha sare za watoto, akakuuliza mwanao amekwenda Afrika Kusini kusomea nini, ukamjibu "hewa", akacheka mpaka ukamnyima kiti. Pole. Mwambie hivi. Nyota kubwa ikifika mwisho wake hailali kimya. Hulipuka, na mlipuko ule hurusha miale mikali iitwayo gamma. Miale yenyewe hudumu kitambo cha mtu kumaliza glasi ya maji, kisha basi. Lakini nyuma yake hubaki mng'ao unaofifia saa kwa saa, na huo ndio tunaoukimbilia. Setilaiti ikiona mlipuko hututumia ujumbe kwenye simu, na aliye zamu anaacha kila kitu, hata akiwa na sabuni kichwani, ili darubini igeuzwe upande ule kabla mng'ao haujazimika.

Sasa, mng'ao huo hutoka galaksi ya mbali mno, na njiani hupita katikati ya gesi ya galaksi hiyo. Gesi haionekani. Ni baridi na giza tupu. Ila tukiutandaza mwanga kama upinde wa mvua, tunaona mistari myeusi, pale ambapo gesi imekula sehemu yake. Mstari huu chuma, ule zinki, ule mpana kabisa haidrojeni. Gesi tunaijua kwa kile kinachokosekana kwenye mwanga.

Nilipolieleza jambo hili mbele ya walimu wangu nilimkumbuka Baba na baiskeli. Unakumbuka? Alipopelekwa Karamoja na kikosi chake, sisi tukabaki kambi ya polisi. Barua zake zote zilisema hali shwari, maana askari hamwandikii mkewe habari mbaya. Na kila barua iliulizia baiskeli yake: imepakwa mafuta? Okullo wa pale kambini hajaiazima? Siku moja ikaja barua ya hali shwari isiyo na baiskeli. Uliisoma mara moja tu, ukafunga mizigo. Ukamkuta wodini Soroti, risasi imepita pajani. Wanawake wote wa kambi mlisoma hivyo, mkitafuta kilichokosekana. Basi mwambie Nabangala nimekuja huku kufanya kazi ya mke wa askari.

Mmekula nini leo? Usiniruke, andika vyote.

Mwanao,
Nerima


Ntinda, Kampala, 9 Machi 2025

Nerima, mama yangu mdogo,

Mulembe, amani kwako. Umebeba jina la mama yangu, lazima nikuamkie kama yeye. Adoch wa jirani amekaa hapa na simu yake, anangoja niandike apige picha akutumie. Ndiye posta wangu siku hizi. Na usinisumbue tena na mambo ya kuonana kwenye video! Kile kidirisha kinaonyesha pua yangu tu, na maneno yanayonitoka ni "uko sawa, niko sawa" kama kasuku. Kwenye karatasi ninakuwa mtu.

Nabangala nimemweleza habari za mistari myeusi. Ameuliza kama gesi hiyo inaweza kupikia. Nimechoka naye.

Chakula: leo malakwang, ile mboga chachu, Afande baba yako ameagiza majani na simsim kutoka kwao Lira, na viazi vitamu. Jana ugali wa posho kwa dagaa wa mukene. Juzi Nabangala alituletea wali uliolowa kama gundi, nikaumaliza kwa heshima. Posho ya jana ilinikwama kifuani kidogo, nikaisukuma kwa maji. Uzee huo.

Baba yako anataka kalamu. Haya, achukue.

Mama yako,
Namalwa

Naongeza mimi. Hali shwari. Baiskeli nimeibadilishia cheni. Niliipanda mpaka Port Bell kununua samaki na kurudi, bila kushuka hata mlimani.
Okwir, Sajini mstaafu


Ntinda, 27 Aprili 2025

Kaka Khaemba,

Barua hii nampa dereva wa basi la Kitale akufikishie mkononi, maana sauti imenikauka na simu hainifai tena. Kaa chini kwanza.

Chakula hakipiti. Ilianza posho, vikafuata viazi, sasa ni uji mwepesi, nao kwa kuubembeleza. Hospitali wamenishusha kamera kooni. Ni saratani ya njia ya chakula, na imekwisha kufika kwenye ini. Daktari ni kijana mpole, alizungukazunguka na maneno mpaka nikamhurumia. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mke wa polisi, sema. Akasema miezi michache, pengine hata hiyo haifiki.

Nerima asijue. Nakuomba kama ndugu tulionyonya ziwa moja. Mwezi wa sita ana zamu ya darubini. Mwaka mzima wamengoja mlipuko mmoja mzuri wakakosa, mara mawingu, mara bahati mbaya, na bila huo shahada yake ya udaktari haina miguu. Nikimwambia, ataacha vyote aje kukaa pembeni ya kitanda kunitazama nikishindwa kumeza. Wewe unajua nilivyotolewa shuleni kumuuguza mama. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimzika, na darasani sikurudi. Nilimpenda mama yetu, Khaemba, lakini mpaka leo nikiona msichana amevaa sare niliyoshona kwa mikono yangu, roho inaniuma. Kitanda changu hakitamfanyia mwanangu hivyo.

Okwir nimempa amri asiseme neno. Amelia. Sajini mzima, amelia kwenye aproni yangu kama mtoto. Kisha akasema, "Ndiyo, mkubwa."

Shida ni moja. Kila barua mtoto ananiuliza nimekula nini, na kumwandikia uongo mkono unakataa. Basi nitamwandikia walichokula wengine.

Dada yako,
Namalwa


Cape Town, 28 Mei 2025

Mama,

Barua zako zimekuwa fupi. Umenikasirikia? Au wazazi wote wa Ntinda wanataka sare kwa wakati mmoja?

Nina jambo la kukuuliza, na unijibu kweli. Naweza kuchukua likizo wiki ya pili ya Juni nije nyumbani. Lakini hiyo ndiyo wiki ya zamu yangu. Nikiondoka zamu anapewa Travis, yule Mkenya mwenzako tunayekaa naye ofisi moja, na mlipuko ukitokea wiki hiyo utakuwa wake. Ni kijana mzuri, sitamlaumu. Lakini mng'ao hauwekwi akiba, Mama. Ukipita umepita.

Nimeota unaniita kutoka jikoni, nami nafungua mlango sikuoni. Nimeamka nimelowa jasho. Niandikie neno moja tu, "njoo", nitakuja. Travis achukue nyota zote.

Nerima


Ntinda, 4 Juni 2025

Mama yangu mdogo,

Nani amekukasirikia? Ndoto zako ni za mtu anayelala bila soksi kwenye baridi.

Mahujaji wa mashahidi wa Namugongo wamepita jana, vumbi tupu na nyimbo. Wengine wametembea kutoka kwetu Kenya, miguu imevimba kama mikate. Mwaka huu sufuria nimemwachia Nabangala, amewapikia uji, wamekunywa wakashiba wakamwombea. Afande amekula matoke na mukene. Adoch amekula kilichobaki. Paka amekula vichwa vya mukene, akalala mlangoni kama mwenye nyumba. Umeona? Nyumba yetu imejaa chakula.

Usije. Nimekuelewa vizuri, nami nakujibu kwa akili zangu zote: usije. Kaa kwenye zamu. Ukiupata huo mwanga, niandikie mistari yote, mmoja mmoja, na kila mmoja ni kitu gani. Usiseme haya kwa Mama yatakuwa magumu. Nataka yote.

Nakupenda. Sijui kama huwa nakuandikia hilo. Leo nimeandika.

Namalwa


Ntinda, 8 Juni 2025

Binti yangu Nerima,

Naripoti kutoka Ntinda. Hali shwari. Mvua imenyesha sana, Bwaise maji yameingia majumbani mwa watu, hapa kwetu hayakufika. Mama yako anakusalimu. Cherehani imefunikwa. Adoch anakuja kila siku. Kuku wazima.

Soma barua hii polepole.

Baba yako,
Okwir


Sutherland, penye darubini, 14 Juni 2025

Mama! Mama! Mama!

Tumeupata!

Simu ililia jana nikiwa na kijiko mdomoni. Mawingu yalikuwa yamefunika nchi nzima, nikasema haya, yale yale ya siku zote. Kisha yakafunguka upande mmoja tu, upande ule ule tuliouhitaji, kama mtu amevuta pazia. Tuliukamata mng'ao ungali na nguvu. Travis alinibeba begani akazunguka nami chumba chote cha mitambo, na mwalimu wangu, mtu asiyecheka, alilia.

Mwanga huu ulitoka kwao miaka zaidi ya bilioni kumi na moja iliyopita, Mama. Jua letu halikuwepo. Umeniagiza mistari yote, basi sikiliza. Wa kwanza ni haidrojeni, mpana ajabu, shimo kabisa, maana yake nyota ilikufa ndani ya wingu nene la gesi. Wa pili silikoni, kitu cha mchanga. Wa tatu chuma. Wa nne zinki. Na hapa ndipo pazuri: zinki ni nyingi, chuma ni kidogo kuliko inavyotakiwa. Chuma hicho hakikupotea, kimejificha kwenye chembe za vumbi. Vumbi tumelijua kwa sababu chuma kimekosekana mahali kilipopaswa kuwepo. Vumbi lile lile la kujengea dunia, kwenye galaksi changa namna ile! Hii peke yake ni sura nzima ya kitabu changu.

Mwambie Baba barua yake nilipata. Niliisoma nikikimbilia zamu, nimefurahi kuku ni wazima.

Ulifanya vizuri kunikataza kuja. Ningekuja, ningeukosa. Agosti nitakuwa hapo mlangoni, na nataka posho na mukene wako, si wa Nabangala.

Mmekula nini?

Nerima wako


Ntinda, 18 Juni 2025

Binti yangu,

Naripoti.

Nimeandika neno hilo nikakaa nalo tangu asubuhi. Adoch amekuja mara mbili na simu, nimemwambia arudi baadaye.

Nerima, mama yako hayupo. Amefariki Alhamisi tarehe 12, asubuhi, nikiwa nimemshika. Ilikuwa saratani ya njia ya chakula. Tulijua tangu Aprili. Alinipa amri usiambiwe mpaka zamu yako iishe, hata akifa, nami nikamwitikia. Zamu yako sasa imeisha. Tumemzika Jumamosi nyumbani Lira, karibu na mama yangu. Unaweza kunichukia. Nimejiandaa.

Lakini nilijaribu, mwanangu. Nilikuandikia barua isiyo na baiskeli. Amri ilinikataza kusema, haikunikataza kunyamaza. Nikaona mtoto huyu amekulia kambini, na sasa kusoma yasiyokuwepo ndiyo kazi yake, ataelewa. Nikaongeza na "soma polepole". Siku ile nikangoja simu yako. Haikulia. Nikasema basi ameelewa, yuko njiani, ndiyo maana hapigi.

Jioni yake nikakiri kwa mama yako nilichofanya. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa ile sauti yake iliyobaki, "Atakuja?" Nikasema nadhani anakuja. Akaniambia nimgeuze aelekee mlangoni. Akasema, "Akifika mpe chakula kwanza, kabla hajaniona." Alilala akitazama mlango mpaka Alhamisi. Mimi ndiye niliyempa tumaini hilo, Nerima. Ningemwachia amri yake, angekufa ametulia.

Barua yako ya furaha iliingia kwenye simu ya Adoch tukiwa kaburini, udongo bado haujajaa. Aliniuliza aifanyeje. Mama yako alikuwa amekuagiza mistari yote, nikaona ni haki yake asomewe. Adoch akaisoma kwa sauti, mchungaji akangoja. Haidrojeni, silikoni, chuma, zinki. Watu wa kwetu hawakuelewa kitu, lakini waliinamisha vichwa. Mjomba wako Khaemba alikaa chini palepale kwenye udongo.

Msiba ulikuwa na watu wengi. Nabangala alipika posho na maharage, Khaemba alichinja. Wazee wa kwetu Lira walikula, kwaya ilikula, mchungaji alikula, madereva walikula. Hakuna aliyeondoka na njaa. Nimerudi Ntinda jana. Nyumba nimefagia.

Mimi hali shwari.

Baba yako,
Okwir


Cape Town, 19 Juni 2025

Baba,

Nilipiga simu yako jana mpaka ikazimika. Hukupokea. Basi naandika, kama tulivyozoea.

Nimekuchukia tangu jana. Nakwambia kwa sababu umesema umejiandaa. Nimemchukia na Mama pia, na nikimaliza kumchukia nanusa kile kitenge alichonipa nilipoondoka, nalia, naanza upya. Nani alimpa ruhusa ya kunichagulia? Niliandika neno moja linatosha. "Njoo" tu, Baba. Ningeacha darubini ikitazama ukuta.

Halafu nikafungua barua yake ya tarehe nne. Mahujaji wamekunywa uji. Afande amekula. Adoch amekula. Paka amekula, Baba, mpaka paka! Yeye hayumo. Mama yangu ambaye hakuwahi kuandika barua bila kuniambia alichoweka mdomoni, hata gundi ya Nabangala aliiandika. Aliniachia pengo la upana wa nyumba, nikalisoma nikaona tu hajanikasirikia, nikafurahi. Kisha ikaja yako. Cherehani imefunikwa! Mama hajawahi kufunika cherehani mchana tangu nizaliwe. Na baiskeli haimo. Uliniamuru nisome polepole, nami niliisoma nikipanda ngazi, huku navaa koti. Nilikujibu habari za kuku.

Naweza kukwambia kuna vumbi kwenye galaksi ambayo hakuna mtu atakayeifikia milele. Mama alikuwa anatazama mlango, na mimi sikujua.

Kwa hiyo usijilaumu kuhusu tumaini. Ulisema ukweli kwa njia pekee uliyoachiwa. Aliyetakiwa kusoma ni mimi. Angekufa ametulia, umesema. Sijui, Baba. Alitaka nije. Alikataza kwa mkono na akageukia mlango kwa mwili mzima. Nafurahi unalijua hilo nami nalijua, ingawa linaniua.

Leo asubuhi nimekaa sakafuni nikasoma barua yako, polepole sasa, neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Nabangala amepika. Khaemba amechinja. Wazee wamekula, kwaya imekula, mchungaji amekula, madereva wamekula. Nyumba umefagia. Hali shwari.

Wewe humo, Baba.

Hukuandika umekula nini tangu Alhamisi ile. Na baiskeli umeitaja tu ulipokumbuka ile barua isiyokuwa nayo. Ya kwako, ile yenye cheni mpya, iko wapi? Umeipanda lini? Usinijibu. Sitaki tena kujibiwa kwa karatasi.

Data yote nimemwachia Travis, aifanyie apendavyo. Jumamosi nashuka Entebbe. Lira tutakwenda, utanionyesha alipolala. Lakini Mama alisema nipewe chakula kabla sijamwona, na amri yake hiyo angalau tutaitimiza. Weka maji ya posho jikoni. Isonge iwe laini. Weka sahani mbili. Hata kama hutaki, hata kama inakukwama, nitakaa mbele yako mezani, nitakutazama, wala sitaondoka mpaka umeze.

Mwanao,
Nerima